Gari jepesi la spoti kwa fedha kidogo: Bei ya tangazo si bei ya gari

Mnunuzi mwenye pauni elfu chache anayetafuta gari lake la kwanza la spoti nchini Uingereza hukutana na tangazo linalovutia. Anaahidiwa fremu ya chuma, bodi ya faibaglasi na alumini, na mafundisho ya kuunganisha, vyote kwa bei iliyo chini ya ile ya gari dogo la kawaida lililotumika. Kinachobaki, kwa mujibu wa tangazo, ni kupata gari kuukuu la kuchinja, boksi la spana na siku kadhaa za mapumziko.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaumiza wengi. Katika soko hilo hazikosekani gari zilizoachwa nusu, zimefunikwa turubai ndani ya gereji, zikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha zilizotumika. Aghalabu hasara hiyo haitokani na ubovu wa magari yenyewe. Inatokana na mnunuzi kuchukua bei ya vipande akaiita bei ya gari.

Mfanyabiashara yeyote wa vipuri wa Kariakoo anaifahamu kanuni hii kutoka upande wa pili wa kaunta. Gari zima likichinjwa na kuuzwa kipande kimoja kimoja, jumla ya mauzo hupita bei ya gari lenyewe. Anayenunua vipande ili apate gari zima yuko upande wa kulipa tofauti hiyo.

Pamoja na hayo, magari haya yana faida za kweli, na kwa mwenye bajeti ndogo yapo mlango wa kuingilia ambao hasara yake inaweza kupimwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

BIASHARA ILIYOZALIWA NA KODI

Chimbuko la soko hili ni uamuzi wa kodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi nchini Uingereza, ilhali vipande vilivyouzwa ili mteja akaunganishe mwenyewe havikutozwa. Wenye viwanda vidogo waliliona pengo hilo mara moja.

Aliyelitumia kwa mafanikio makubwa ni Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 Lotus ilitoa gari liitwalo Seven. Lilikuwa na viti viwili, halikuwa na milango ya maana wala paa la kudumu, magurudumu ya mbele yalikaa nje ya bodi, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 500. Wengi waliuziwa likiwa vipande. Inasimuliwa kuwa kwa vile masharti ya kodi yalikataza kumpa mteja mwongozo wa kuunganisha, kampuni ilimpa mwongozo wa kulifungua gari, naye akausoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1973 pale kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza kutumika nchini humo. Mwaka huo huo Lotus ilikuwa inaachana na Seven, na haki za kuliunda zikachukuliwa na muuzaji wake, Caterham Cars. Tangu hapo umbo lile limebaki sokoni bila kukatika.

Jambo la kuzingatia kwa mnunuzi wa leo ni kuwa sababu ya awali ya unafuu wa bei haipo tena. Anayeunganisha mwenyewe sasa anaokoa gharama za mafundi, si kodi. Na gharama za mafundi huokolewa tu na yule ambaye kazi yake haihitaji kurudiwa.

UZITO NDIO MTAJI

Kinachouzwa hasa katika magari haya si kasi ya juu bali wepesi. Gari jepesi halihitaji injini kubwa, breki zake hazifanyi kazi ngumu, matairi yake hudumu, na springi zake hubeba mzigo mdogo. Kila kilo iliyopunguzwa ni fedha iliyopunguzwa mahali pengine.

Mfano mzuri ni Caterham Seven 170, lililotolewa mwaka 2021. Lina injini ya Suzuki ya sentimita za ujazo 660 tu, yenye tabo, inayotoa nguvu za farasi 84. Kwa gari la kawaida hizo ni nguvu haba. Lakini gari lenyewe lina kilo 440, na kwa takwimu za kampuni hutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa katika sekunde 6.9.

Linganisha na Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1989. Injini yake ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 115, na uzito wake ulikuwa chini kidogo ya tani moja. Kwa kila tani ya gari, hizo ni kama nguvu 120. Injini ile ile ikihamishiwa katika gari la kilo 600, kila tani inapata zaidi ya nguvu 190 bila injini kuguswa.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Mnunuzi mgeni huuliza nguvu za injini kabla ya jambo lolote, na muuzaji hufurahi kwa sababu nguvu huongeza bei. Swali la maana kwa mwenye fedha kidogo ni uzito. Injini ndogo isiyo na matatizo ndani ya gari jepesi hutosha kumfundisha dereva mgeni kwa miaka kadhaa, na vipuri vyake hupatikana kirahisi.

Hata hivyo, wepesi wenye jina kubwa una bei yake. Caterham Seven 160, lililotangulia 170, lilitangazwa mwaka 2013 kwa bei ya kuanzia pauni 14,995 likiwa vipande. Bei ya kuanzia ya 170 mwaka 2021 ilikuwa pauni 22,990. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu katika miaka minane kwa bidhaa iliyo ngazi ya chini kabisa ya kampuni hiyo. Mwenye bajeti ndogo, kwa hiyo, hana budi kutazama kwingine.

NJIA NNE ZA KUINGIA

Njia ya kwanza ni kununua seti mpya ya vipande kutoka kwa kampuni. Baadhi ya seti huja na kila kitu, hadi boliti ya mwisho. Nyingine huja na fremu, bodi na vitu vichache, na zilizobaki hutolewa katika gari la kuchinja. Seti ya aina ya pili ndiyo yenye bei ya kuvutia. Miaka ya nyuma gari lililochinjwa lilikuwa Ford Escort ya zamani yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, iliyokoma kuundwa mwaka 1980. Baadaye ikafuata Ford Sierra, iliyoundwa kuanzia mwaka 1982 hadi 1993. Kwa kuwa Sierra nazo zimekuwa adimu, kampuni nyingi zimehamia Mazda MX-5 na baadhi kwa BMW. Anayefikiria seti iliyobuniwa kwa Sierra ahakikishe kwanza kama atapata Sierra ya kuchinja, na kwa bei gani.

Njia ya pili ni kuunda fremu mwenyewe. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kupitia shirika la Haynes kikielekeza jinsi ya kujenga gari la namna hii kwa pauni 250, na takwimu hiyo ikawekwa kwenye jalada. Fremu yake ni ya vyuma vya pembe nne, na vipuri vilitoka katika Escort kuukuu. Magari hayo yakapata jina la Locost. Mwaka 2007 Chris Gibbs alitoa kitabu kingine kupitia shirika hilo hilo, safari hii kwa vipuri vya Sierra. Vitabu hivi vimewaingiza wengi katika ufundi, lakini anayeiendea njia hii hana budi kuwa mchomeleaji wa kweli. Fremu ndiyo inayoshika springi, usukani na mikanda ya kiti. Uchomeleaji mbaya hauonekani mpaka siku unapoachia.

Njia ya tatu ni kununua gari lililoachwa nusu. Hii ndiyo yenye ushawishi mkubwa kuliko zote, kwa sababu muuzaji huonyesha risiti za maelfu ya pauni na kuomba theluthi yake. Mnunuzi hujiona amepata. Kumbe amenunua pamoja na vipuri tatizo lililomshinda mwenzake, na mara nyingi tatizo hilo halitajwi. Huenda fremu imepinda, vipande vya seti vimepotea, au kampuni iliyouza seti haipo tena.

Njia ya nne ni kununua gari lililokamilika, lililosajiliwa na linalotembea barabarani. Hapa bei hutegemea jina. Caterham lililo barabarani ni nadra kupatikana chini ya pauni 10,000. Westfield, ambalo umbo lake ni karibu na hilo, kwa kawaida huwa chini yake. Magari ya Robin Hood na yale ya Locost huwa chini zaidi, nayo ubora wake hutofautiana sana kwa sababu kila moja lilijengwa na mtu wake. Katika kundi hili la mwisho mnunuzi hanunui kampuni, ananunua mikono ya fundi mmoja asiyemjua.

HESABU YA MFANO

Ili kuona tofauti ya njia hizi, tuchukue mnunuzi wa kubuni mwenye pauni 9,000. Takwimu zifuatazo si bei za duka lolote. Ni mfano wa kuonyesha jinsi fedha zinavyotembea.

Anaona tangazo la seti ya fremu na bodi kwa pauni 4,000. Gari la kuchinja linamgharimu 1,200. Injini, breki na difu vilivyotolewa humo havifai kufungwa bila kufanyiwa matengenezo, hivyo zinakwenda 1,300. Rimu na matairi ni 700. Rangi na viti, 600. Ukaguzi, usajili na bima ya mwanzo, 700. Vifaa vya kufanyia kazi, pamoja na kukodi winchi ya kutolea injini, 500. Mwisho kuna vitu visivyoandikwa na mtu: boliti, mabomba ya breki, waya, oili, gundi, rangi ya kuzuia kutu, na vipande vilivyonunuliwa mara mbili kwa kukosea. Hivyo ni 600.

Jumla ni pauni 9,600. Seti ya 4,000 imezaa gari la zaidi ya mara mbili ya bei yake, na bajeti imeshapitwa kwa 600 kabla ya mwenye gari kuendesha hata maili moja. Tuseme baada ya miaka mitatu, miwili ya kuunganisha na mmoja wa kuendesha, analiuza kwa 7,500. Hasara yake ni 2,100, bila kuhesabu jasho.

Mwenzake mwenye fedha zile zile ananunua gari lililokamilika kwa 7,000. Anatenga 1,000 kwa matairi na marekebisho. Analiendesha miaka mitatu, kisha analiuza kwa 6,500. Hasara yake ni 1,500, naye amepata misimu mitatu ya kiangazi barabarani.

Tofauti ya pauni 600 kati ya wawili hao si kubwa. Yupo atakayesema miaka miwili ya kujifunza ufundi ina thamani kubwa kuliko hiyo, na huenda amesema kweli. Lakini kuna mtu wa tatu. Huyu alifika pauni 6,500, baada ya seti, gari la kuchinja na matengenezo, kisha akahama nyumba, au akapata mtoto, au fedha zikakata. Gari halijakaguliwa, halijasajiliwa, halitembei. Akipata 2,500 ashukuru. Hasara yake ni 4,000, na hajawahi kuketi nyuma ya usukani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua seti si kama inawezekana kulimaliza gari. Ni kama fedha na muda vitabaki pale pale hadi mwisho. Asiye na jibu la uhakika anacheza kamari, si uwekezaji.

KADI YA GARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko hili daftari lina uzito kuliko injini.

Gari lililojengwa na mtu binafsi haliruhusiwi kuingia barabarani nchini Uingereza mpaka lipite ukaguzi maalumu wa gari moja moja. Ukaguzi wa awali wa namna hiyo kwa magari ulianza mwaka 1998, na nafasi yake ikachukuliwa mwaka 2009 na ukaguzi wa sasa ujulikanao kwa kifupi kama IVA. Mkaguzi hutazama breki, taa, usukani, mikanda, vioo, moshi na kelele. Kingo za nje zinazoweza kumgusa mpita njia zinatakiwa ziwe za mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Kelele za ekzosi zisivuke desibeli 99 kwa kipimo chao. Kipimo cha moshi hutegemea umri wa injini, na umri huo hauna budi kuthibitishwa kwa maandishi.

Mjenzi hutakiwa pia kuonyesha kuwa alilijenga yeye mwenyewe. Hapo ndipo picha za kila hatua na risiti zinapohitajika. Anayeunganisha gari bila kupiga picha wala kutunza risiti anajiwekea kikwazo kwa mkono wake.

Baada ya ukaguzi hufuata namba. Gari la vipande vipya laweza kupewa namba ya mwaka wake. Lililotumia sehemu za kutosha za gari moja la kuchinja laweza kupewa namba inayolingana na umri wa gari hilo. Lililokusanywa huku na huko hupewa namba inayoanza na herufi Q, ishara kuwa umri wake haujulikani. Namba ya Q si kosa la jinai na gari lake laweza kuwa zuri sana, lakini baadhi ya kampuni za bima hulitazama kwa shaka na wanunuzi wengi hudai punguzo. Anayelinunua adai punguzo hilo siku ya kununua, kwani siku ya kuuza atadaiwa yeye.

Hatari iliyo kubwa kuliko Q ni gari ambalo kadi yake inasema jambo jingine. Yapo magari ya zamani yaliyojengwa kwa vipuri vya Sierra ambayo kadi zake bado zinaandika Ford Sierra, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mamlaka ikigundua, usajili unaweza kufutwa na mwenye gari akatakiwa kuanza upya kwa ukaguzi. Aidha, kampuni ya bima iliyoandikisha Sierra ya milango minne ina kila sababu ya kukataa dai la gari la viti viwili lisilo na paa. Kadi ya namna hiyo ni sababu tosha ya kuaga na kuondoka, hata kama rangi inang'aa.

AMANA MIKONONI MWA KAMPUNI NDOGO

Wauzaji wengi wa seti ni kampuni ndogo, na kampuni ndogo huja na kuondoka. Hata zenye jina haziko nje ya hatari hiyo. Westfield, iliyoanzishwa mwaka 1982 na kuwa mshindani mkubwa wa Caterham, iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mwaka 2022, kisha jina likaingia mikononi mwa wamiliki wapya. Caterham yenyewe ilinunuliwa na VT Holdings ya Japani mwaka 2021.

Kwa mteja aliyekwisha kulipa amana, jina kuendelea si faraja kubwa. Kampuni inapofilisika, mwenye amana ambaye hajapokea mali huwa mdai asiye na dhamana, akipanga foleni nyuma ya mabenki.

Ziko tahadhari tatu. Ya kwanza ni kulipa kwa awamu na kuchukua mali ya kila awamu, badala ya kulipa yote na kusubiri. Ya pili ni kupata orodha ya maandishi ya kila kilichomo na kisichokuwemo katika seti, kwa sababu neno kamili lina maana nyingi katika biashara hii. Ya tatu ni kulipa angalau sehemu ya bei kwa kadi ya mkopo. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya Uingereza ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Malipo ya fedha taslimu hayana kinga hiyo.

SIKU YA KUKAGUA

Anayechagua njia ya nne aende kukagua mchana, gari likiwa kavu na injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyewasha injini kabla ya mgeni kufika ameficha jinsi inavyowaka asubuhi.

Jambo la kwanza ni kuketi. Magari haya ni membamba, na nafasi ya miguu ni finyu kiasi kwamba kiatu kipana chaweza kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Ndiyo sababu Caterham ilitoa pia fremu pana zaidi. Mnunuzi mrefu au mnene asiamini kuwa atazoea.

Pili ni fremu. Nyufa hutafutwa pale mikono ya springi inaposhikizwa, na kutu chini ya sakafu, ambako rangi ya unga iliyopasuka huficha maji. Bomba lililonyooshwa au lenye kiraka kipya ni dalili ya ajali.

Tatu ni matairi. Magari haya hutembea maili chache kwa mwaka, hivyo kashata za tairi huonekana mpya huku mpira umekauka. Tarakimu nne zilizo ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Gari jepesi lenye matairi ya zamani yaliyokauka huteleza kwenye mvua bila taarifa.

Nne ni waya na mabomba ya breki. Waya zilizofungwa kwa mpangilio na mabomba yaliyoshikizwa vizuri humweleza mkaguzi tabia ya fundi aliyejenga hata sehemu zisizoonekana. Vurugu chini ya dashibodi ni vurugu kila mahali.

Tano ni injini. Ford za kawaida, kama vile Zetec, zina vipuri tele. Injini ya Rover aina ya K, iliyotumiwa na Caterham kuanzia mwaka 1991, ni nyepesi na inapendwa, lakini inajulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Ushahidi wa matengenezo hayo uonekane kwenye risiti. Zile zenye injini za pikipiki ni nyepesi mno na zina mlio wa kusisimua, ila giaboksi ya pikipiki haina rivasi na klachi yake haipendi foleni za mjini. Kwa gari la kwanza hazishauriwi.

Mwisho, namba ya fremu na ya injini zilinganishwe na kadi, na ihakikishwe kuwa gari halina deni. Historia ya ukaguzi wa kila mwaka hutolewa bure na serikali ya Uingereza kwa mtandao, na humo maili na makosa ya miaka iliyopita huonekana.

Msimu nao una bei. Magari yasiyo na paa hupanda bei jua linapotoka. Anayenunua mwezi Novemba au Desemba hukutana na muuzaji anayetaka nafasi katika gereji yake, na mazungumzo huwa marefu kwa faida ya mnunuzi.

NANI ANUNUE NINI

Mwenye gereji yake, vifaa, ujuzi na miaka miwili isiyo na haraka anaweza kununua seti, mradi bajeti yake iwe angalau mara mbili na nusu ya bei ya tangazo. Mwenye ujuzi wa kuchomelea na uvumilivu anaweza kujenga fremu kwa kitabu, akijua kuwa atauza kwa bei ya chini hata kama kazi yake ni safi.

Asiye na hakika kama atalipenda gari lisilo na paa wala nafasi ya mizigo aanze na Mazda MX-5 iliyo safi chini. Si jepesi kama haya, lakini lina hita, buti na soko la uhakika, na baadaye laweza kuwa ndilo gari la kuchinja.

Kwa wengi waliobaki, wenye fedha kidogo na hamu kubwa, gari la kwanza lililo salama kimtaji ni lile lililokamilika, lenye injini ya kawaida, fremu isiyoguswa na kadi inayosema kweli. Spana zitapata kazi humo humo, kwani gari la namna hii halikosi la kurekebishwa. Tofauti ni kuwa kila jioni litakuwa gari linalotembea, na siku mambo yakibadilika nyumbani, atakuwapo wa kulinunua.